Siku Tuliyotolewa Kumbini kwa Pikipiki

Wiki iliyopita nilirudi Kitangari, na kabla sijafika hata nyumbani nikakutana na wali, watoto wanaotolewa jandoni. Nilikuwa nimeshuka tu kwenye gari la kutoka Masasi, begi begani, mkate wa mama mkononi, nikasikia vuvuzela. Halafu zikatokea pikipiki zimefungwa kanga kwenye usukani, honi haziachii, na kwenye kila pikipiki kuna kitoto kimevaa kofia mpya ya kudariziwa na miwani ya jua, kimebanwa katikati ya watu wazima wawili. Mmoja anaendesha, mwingine kashika mwavuli. Wanawake barabarani wanapiga vigelegele. Mimi nikakaa chini. Mama mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, pale njia panda akaniuliza, "Vipi baba, jua?" Nikamjibu ndiyo mama, jua. Na jua lenyewe halikuwepo. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, na ukungu wa huku juu unaujua mwenyewe, mpaka saa nne nyumba ya jirani unaiona kama umeiota.

Sasa rafiki yangu, ngoja nikuambie kilichonikalisha. Nitaandika moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitaacha, na habari hii nimeshaiacha mara nyingi.

Kwetu mtoto wa kiume akiingia jandoni anaitwa mwali, kama msichana anavyoitwa akiingia unyagoni. Shuleni wenzangu wa mikoa mingine walikuwa wananicheka nikisema niliwahi kuwa mwali. Nawaacha wacheke. Nilikuwa mwali kweli, likizo nzima porini nyuma ya mikorosho ya bibi, kwenye vibanda vya nyasi tunavyoviita kumbi.

Kumbini kulikuwa na baridi ya kung'ata. Tulikuwa tunalala wawili wawili kwenye blanketi moja, na mimi nililala na mtoto wa jirani. Sitakutajia jina lake, nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo tunavyoitana mpaka leo. Alikuwa mwembamba, ana maneno kama redio. Hesabu alikuwa anapiga kichwani wakati sisi tunahesabu vidole, na panya alikuwa anajua kuwatega mpaka wakubwa wanamwuliza njia gani panya watapita. Blanketini alikuwa ananisimulia vituko kwa kunong'ona, mimi nauma shuka nisicheke, maana mlezi wa kumbi, mzee aliyekuwa anatulea kule porini, alikuwa na masikio ya paa na fimbo ya mti mbichi. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi, na panya wa kuchoma siku mitego ikishika. Mpaka leo nikisikia harufu ya muhogo mkavu ukitwangwa narudi pale, kando ya moto, uso unaungua na mgongo unaganda.

Na kulikuwa na nyimbo. Hizo siwezi kukuandikia, na wewe usiniulize. Mwanamke hazisikii, mtoto ambaye hajaingia hazisikii. Mlezi alikuwa anasema wimbo wa kumbi ukitoka nje unamwacha mwenyewe uchi. Mwenzangu ndiye aliyezishika zote mapema kuliko sisi, akawa anaanzisha, tunaitikia.

Siku ya kutoka ina sheria zake. Kumbi inachomwa moto nyuma yenu, na mwali hageuki kuangalia mpaka afike nyumbani. Na miguu ya mwali haigusi ardhi. Zamani mjomba wako, kaka wa mama yako, alikuwa anakuja anachuchumaa, unapanda mabegani kwake, anakubeba mpaka kwenye mkeka wa mama yako, hata kama ni mbali na jasho linamtiririka. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba anajua hivyo na hanuni. Basi pikipiki zilipojaa huku, wajomba wote wakazeeka kwa mara moja. Huyu mgongo, huyu goti. Wakasema pikipiki nayo ni bega, tofauti yake ni chuma tu. Watu wakacheka, wakakubali. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna aliyelishtukia, maana lilikuja limevaa nguo za mila.

Asubuhi ile tuliogeshwa. Maji yenyewe unajua huku kwetu yanavyotafutwa, lakini siku hiyo kina mama walikuwa wameyapanga ndoo kwa ndoo mpaka ukingo wa pori, mahali ambapo wanawake wanaruhusiwa kufika. Tukabebwa mpaka pale. Vichwa vyetu vimenyolewa vinang'aa. Bibi yangu, mama wa mama, akanipaka mafuta kichwa kizima kwa kiganja chake kigumu, halafu akaninyunyizia unga wa mtama utosini huku anaongea na waliotangulia, taratibu, kama anaongea na watu waliokaa chumba cha pili. Nikavalishwa kanzu. Nikakalishwa kwenye pikipiki ya mjomba, na kutoka hapo nikawa siwezi kushuka. Kumbuka hilo. Nilikuwa nimekaa juu kama mzigo uliofungwa, na yote yaliyofuata yalitokea mimi nikiwa juu pale.

Mjomba wangu alikuwa anaendesha bodaboda Masasi. Alikuwa anapanda na abiria ule mlima wa kuja Newala, jua na mvua, na watu walioanguka kwenye zile kona alikuwa ameshawaokota kwa mikono yake. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na helmeti mbili, yake na ya abiria, na ile ya abiria akaja nayo mkononi ananiletea.

Bibi akamzuia. Akauliza hicho nini.

"Helmeti ya mtoto, mama."

"Mwali havai chungu," bibi akasema.

Watu wakacheka. Wanawake wakaanza kuimba hapo hapo, mwali kavaa chungu, mwali anakwenda kupikwa. Mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mjomba hakucheka. Akasema bila hiyo hasogei. Bibi naye akasimama mbele ya tairi, mikono kiunoni. Akasema kichwa kile amekipaka mafuta na kukitia unga ili wazee wakione kinapita, na yeye anataka kukifunika kama ugali usiingie nzi. Wakaanza kurushiana, mama na mwanawe, mbele ya wilaya nzima. Mlezi wa kumbi akaja kukumbusha kwamba moto unasubiri, wenye mienge wameshawasha. Pikipiki nyingine zinanguruma. Mimi juu, jasho la kwapani linashuka kwenye kanzu mpya.

"Wewe ulitoka umevaa nini?" bibi akamwuliza. "Begani mwa kaka yangu, ulivaa nini kichwani?"

Mjomba akaigeuza ile helmeti mkononi. Halafu akasema, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza kitu: "Sikuvaa kitu, mama. Lakini mjomba alikuwa na mikono. Alinishika miguu yote miwili mpaka nyumbani, nikiyumba ananirudisha. Hii pikipiki mikono yake iko wapi?"

Bibi aliiangalia ile pikipiki chini mpaka juu, kama anaitafuta mikono kweli. Nilidhani atakasirika. Badala yake akampokonya mjomba helmeti, akaigeuza, akachota mafuta yaliyobaki, akaipaka ndani yote, halafu akatia unga humo ndani na akaongea tena na wale wa chumba cha pili, safari hii kwa haraka kidogo, kama anaomba radhi. Alipotaka kunivalisha ikawa kubwa, inazunguka kichwani kama ndoo kwenye mti. Bibi akafungua kilemba chake mwenyewe, mbele ya wanaume, mvi zote nje, akakikunja akakijaza humo ndani mpaka ikakaa. Akanifunga mkanda kidevuni. Alikaza mpaka nikameza mate kwa shida.

Ndani ya helmeti dunia ilikuwa mbali. Ilikuwa inanuka mafuta, unga na kichwa cha bibi.

Mwenzangu alikuwa pikipiki ya pembeni. Mjomba wake alikuwa ng'ambo, Msumbiji, kwa hiyo kaka yake mkubwa ndiye aliyekuja kumchukua, kijana mchangamfu, anapendwa na kila mtu, na binamu yao kapanda nyuma ashike mwavuli. Mwenzangu alinyoosha mkono akagonga helmeti yangu ko ko ko, akasema hodi. Nikamjibu kutoka ndani, karibu. Tukacheka sote wawili.

Mjomba akavua helmeti yake mwenyewe, akampelekea yule kaka. Akamwambia amvalishe mdogo wake, yeye mwenyewe atakwenda hivyo hivyo polepole. Yule kaka akacheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyokuwa.

"Mjomba, huko Masasi mmezoea kuogopa trafiki. Huku trafiki nani, mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Kaka akaongeza kwamba ile kofia ya mdogo wake imetoka Mtwara, mama yao ameingoja mwezi mzima aione inaingia uani, sasa akiiweka ndani ya dude lile mama ataona nini. Mjomba akasimama na helmeti mkononi, ameinyoosha. Naiona mpaka leo ile mikono imenyooshwa. Halafu akairudisha kichwani kwake, akashusha kioo, akawasha.

Nyuma yetu kumbi ikashika moto. Nyasi kavu zinalia ukiziunguza, unasikia kama watu wanakimbia. Sikugeuka.

Tuliondoka sisi mbele, mjomba anakwenda mwendo wa kubeba mayai. Wanawake na bibi wakabaki nyuma, wanakuja kwa miguu na nyimbo zao. Njia yenyewe ni mchanga, unajua mchanga wa huku, tairi linaelea, dereva anaongozwa na pikipiki badala ya yeye kuiongoza. Huku mikorosho, huku mikorosho, na ukungu umekaa katikati. Nyuma nasikia vuvuzela na honi ya yule kaka, anatusogelea, anarudi, anatusogelea. Alitaka atangulie. Mwali anayeingia wa kwanza ndiye anayepata vigelegele vilivyoshiba, wa pili anapata mabaki, kila mtu anajua. Mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nasema mjomba kaza, mjomba wanatupita. Sikusema kwa mdomo. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao.

Kabla ya ule mteremko wa kwenda bondeni nikasikia mashine. Mwezi wa sita mikorosho inataka kutoa maua, na watu wanaipulizia salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ubwiri, ugonjwa wa mikorosho. Inapuliziwa asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, ili ishike. Mkulima mmoja alikuwa na mashine yake mgongoni, ndani ya mikorosho ya kando ya njia, yeye hatuoni na sisi hatumwoni. Kilichoonekana ni wingu la njano linatoka kwenye miti na kukata njia mbele yetu, linachanganyika na ukungu. Kama hujawahi kuingiwa na salfa machoni, usiombe. Macho yanafunga yenyewe, huyaamuru.

Mjomba alipunguza. Akanirudishia mkono nyuma, akashusha kioo changu kwa kukipiga kofi. Akapiga honi ndefu, kwa ajili ya wale wa nyuma. Tukaingia. Nikaona njano tupu mbele ya kioo, pua inawasha, nikashikilia mgongo wa mjomba kama kupe. Halafu tukatoka, tukawa kwenye mteremko, kumekucha tena.

Hapo nikasikia nyuma mlio wa injini unapanda juu sana, ule mlio wa tairi lisilogusa kitu. Halafu ukakatika. Vuvuzela ilikatika katikati ya pumzi.

Mjomba akasimama. Akaweka stendi. Akaniambia, "Usishuke," akakimbia kurudi juu.

Nikabaki peke yangu. Mbele yangu ni bonde limejaa ukungu. Miguu siruhusiwi kuishusha, kichwa siruhusiwi kukigeuza. Ndani ya helmeti nasikia pumzi yangu mwenyewe, haa, haa, na kwa mbali sana, kama watu wako chini ya maji, sauti ya mjomba inasema msimguse, msimguse, mwacheni hivyo hivyo. Halafu sauti ya yule kaka anaita jina la mdogo wake. Analiita kama unavyomwita mtu wa nyumba ya tatu aje kula. Analiita tena. Nilikaza macho kwenye usukani. Nikajisemea atajibu sasa hivi, huyu ana maneno kama redio, huyu hajawahi kuitwa mara mbili. Mashine ya kupulizia nayo ikazimwa, pakawa kimya kabisa, na kwenye kile kimya hakujibu.

Nikageuka.

Alikuwa amelala kando ya njia, kichwa kimeelekea kwenye shina la mkorosho, na ile kofia ya kutoka Mtwara imebingirika imekaa mbele yake, safi, haina hata doa. Binamu ameshika mkono wake mwenyewe uliovunjika. Kaka amepiga magoti, macho yamevimba yanachuruzika salfa, anampapasa mdogo wake kwa mikono kwa sababu haoni. Mkulima ametupa mashine anakuja mbio. Na watu wengine wa msafara wakafika, wanaume, wakaona mwali yuko chini. Mwali halali chini. Hilo ndilo walilofikiria kabla ya jingine lolote. Mjomba alikuwa anawazuia kwa mikono miwili, anasema shingo, shika kwanza shingo, lakini hawakumsikia, walikuwa watu wazima wanaojua mila yao. Wakamnyanyua. Mmoja akachuchumaa, wakampandisha mabegani kwake kama zamani. Kichwa kikaanguka upande. Alibebwa begani, rafiki yangu. Miguu yake haikugusa ardhi.

Gari la mnunuzi wa mbaazi lilipita, likamchukua yeye na kaka yake na mjomba wangu, likaelekea Newala hospitali.

Mimi sikujua muda gani nilikaa pale. Bibi alifika na wale wanawake, nyimbo zimeshakatika njiani, habari inakimbia kuliko miguu. Akasimama mbele yangu, kichwa wazi, mvi zimejaa ukungu. Wanawake wengine wakaanza kubishana nani sasa amalizie kunifikisha. Bibi akasema, "Shuka."

Mmoja akamwambia bibi, mwali hashuki.

"Mjukuu wangu anashuka," bibi akasema.

Nikashuka. Mchanga ulikuwa baridi kwenye nyayo. Nilipopeleka mkono kidevuni nifungue mkanda, bibi akaupiga ule mkono. Akasema nisiivue mpaka nyumbani. Basi tukatembea mpaka nyumbani, bibi amenishika mkono, mimi na kanzu na helmeti kichwani, kwa miguu, kwenye njia ya mkato ambayo hata baiskeli haipiti. Hakuna aliyeimba mwali kavaa chungu. Uani kwetu mama alikuwa kwenye mkeka na wenzake, midomo iko tayari kwa vigelegele, wakatuona tunavyokuja, wakaifunga.

Mwenzangu hakufa. Hospitali ya Newala ilimpeleka mbele, hospitali kubwa zaidi, huko mbele walimkalisha muda mrefu, akarudi mahindi mapya yameshaota. Nilikimbia kwenda kumwona. Alikuwa amenona, amependeza, kovu limejificha kwenye nywele. Nikamwambia hodi, kwa utani wetu ule. Akaniangalia kwa heshima, kama unavyomwangalia mgeni, akasema shikamoo.

Hesabu ziliondoka zote. Maneno yalirudi machache, na yanakuja kwa kuvutwa, kama ndoo kwenye kisima kirefu. Ila nyimbo za kumbi zilibaki. Zile zote. Siku moja akiwa amekaa bombani, kina mama wamepanga ndoo, akaanzisha. Wanawake wakaziba masikio, wengine wakaacha maji wakaondoka. Kesho yake tena. Wazee wakakaa kikao, maana kwa kosa hilo mtu hutozwa faini na anatengwa. Mlezi wa kumbi alisikiliza kila mmoja, yeye mwenyewe alikuwa ameshakonda. Mwisho akasema mtoto huyu hakufikishwa nyumbani, yuko njiani bado, na aliye njiani hatozwi. Wakainuka wakaenda zao. Tangu hapo akiimba, wanawake wanajifanya wanaongea kwa nguvu.

Watu walisema kazi ya Mungu. Nilikuwa mdogo, nikameza. Sasa siwezi tena kumeza. Mungu hakumnyooshea mtu helmeti ikakataliwa, aliyeinyoosha ni mjomba wangu. Masasi ninafanya kazi kwenye duka la vipuri vya pikipiki, na kila siku anakuja mtu anaomba helmeti ya bei ya chini kabisa, hata ikiwa na ufa, anasema ni ya kumfungia trafiki mdomo tu. Nimeshagombana na wateja. Bosi ameniambia nikiendelea atanifukuza. Watu wanadhani kofia ile inavaliwa kwa ajili ya askari. Askari hana shida, yeye kichwa chake yuko nacho.

Bibi ameshafariki. Mjomba aliacha bodaboda, analima ufuta, na ukimtajia siku ile anaamka anakwenda kuangalia mbuzi. Siku hizi hakuna mjomba anayechuchumaa. Kumbi zenyewe zimekuwa za siku chache, watoto wanatoka na simu zinawarekodi. Mimi siwalilii wajomba wala mabega, dunia inakwenda, na pikipiki nazipenda, ndizo zinazonilisha. Ninayemlilia ni yule mtoto wa blanketini. Hakuna aliyemzika, kwa hiyo hakuna aliyenipa pole.

Siku ile ya wiki iliyopita, nilipoweza kusimama, sikwenda nyumbani kwanza. Nilipita kwao. Mama yake alikuwa uani anapepeta, mwenzangu kakaa kwenye kigogo anachambua korosho mbovu na nzima, kazi anayoiweza vizuri. Nikaamkia. Mama yake akaitika marahaba, akanipa kiti, akaniuliza habari za Masasi. Halafu akaniambia kwamba mdogo wake mwenzangu, yule kitindamimba, ataingia kumbini Desemba shule zikifunga. Alikuwa anacheza pale pale na tairi bovu, kichwa kikubwa, shingo kama bua la mtama.

Nikakaa nasubiri aseme kazi ya Mungu. Hakusema.

"Hizo kofia mnazouza," akasema, "za watoto zipo?"

Nikamwambia ukweli. Dukani kwetu hazipo, zote ni za watu wazima, mtoto akivaa inazunguka, na ikizunguka ni sawa na hakuna. Lakini nikamwambia nitazitafuta, Mtwara, Dar, popote, naweza kuagiza, ila nijue kipimo. Nilikuwa naongea haraka, unanijua. Akaacha ungo. Akachana upindo wa kanga aliyovaa, utepe mrefu, akamwita yule mdogo. Akamzungushia kichwani juu ya nyusi, akabana kwa vidole, akapiga fundo pale kipimo kilipofikia.

Alipokuwa ananikabidhi ule utepe, mwenzangu akaweka chini sahani ya korosho. Akaja akapiga magoti mbele ya mama yake, akainamisha kichwa, akangoja.

Mama yake aliniangalia. Mimi nikaangalia korosho. Akauchukua tena ule upindo mkononi mwangu, akamzungushia na yeye, polepole, akipita juu ya kovu, na mbele kidogo ya fundo la kwanza akapiga la pili.